Sura ya Sita: Picha Zilezile, Sauti Nyingine – Siasa na Uwakilishi katika Filamu ya Handsworth Songs

Filamu ya Handsworth Songs, iliyotolewa mwaka 1986 na kikundi cha Black Audio Film Collective chini ya uongozaji wa John Akomfrah na utayarishaji wa Lina Gopaul, ina urefu wa takriban saa moja tu, lakini ni filamu chache za Uingereza zilizozua mjadala mzito kama wake kuhusu nani mwenye haki ya kueleza maana ya tukio lililoumiza watu wengi. Si filamu ya muziki kwa maana iliyozoeleka, ile ambayo waigizaji huacha mazungumzo ghafla na kuanza kuimba na kucheza. Ni filamu ya hali halisi, yaani ile inayojengwa kwa watu na matukio ya kweli badala ya hadithi ya kubuni. Hata hivyo imepangwa kama utungo wa muziki, kwa vipande vinavyorudi, viitikio, mwangwi na vituo vya kimya, na giza lake halitokani na usiku wa ghasia peke yake, bali na kumbukumbu za nusu karne ambazo hazikuwa zimepewa nafasi ya kuombolezwa hadharani.

Hoja ya sura hii ni kwamba siasa ya filamu hiyo imo ndani ya sauti yake. Watayarishaji walichukua picha ambazo nyingi zilikwisha kutumiwa na televisheni, na ambazo umma ulidhani umekwisha kuzielewa, kisha wakazivua maelezo ya awali na kuzifunga kwa sauti nyingine. Kwa kufanya hivyo walionesha kwamba uwakilishi, yaani namna kundi la watu linavyooneshwa na kusemewa mbele ya wengine, hauishii kwenye idadi ya nyuso zinazoonekana katika kioo, kwa kuwa uso unaweza kuonekana kila jioni na mwenye uso akabaki bila kauli.

Handsworth kabla ya moto

Handsworth ni eneo la kaskazini-magharibi mwa jiji la Birmingham, na historia yake inafungamana na himaya ya Kiingereza kwa kina kuliko inavyodhaniwa na mpita njia. Hapo ndipo kilipokuwa kiwanda cha Soho cha Matthew Boulton, kilichokamilika mwaka 1766, na ubia wake na James Watt ndio uliosambaza mashine za mvuke katika viwanda vya Uingereza na hata katika mashamba ya miwa ya visiwa vya Karibea, wakati ambapo kazi ya mashamba hayo ilifanywa na Waafrika waliokuwa watumwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, vitukuu wa watumwa hao walipoitikia mahitaji ya kazi ya Uingereza na kuhamia Birmingham, wengi wao walipanga vyumba Handsworth, mahali ambapo sehemu ya mitambo iliyoendesha utajiri wa mabwana wa babu zao ilikuwa imebuniwa.

Hawakuwa peke yao, kwa maana eneo hilo lilipokea pia watu kutoka Punjab, Bengal na Afrika ya Mashariki. Msomaji wa Kiswahili anapaswa kukumbuka kwamba siasa ya rangi ya Birmingham iligusana moja kwa moja na Nairobi na Kampala. Baada ya Kenya kupitisha sheria ya uhamiaji ya mwaka 1967, iliyowataka wasio raia kuwa na vibali vya kazi, Waasia wengi waliokuwa na pasipoti za Uingereza walianza kuondoka, na Bunge la Uingereza likapitisha kwa siku chache tu sheria ya Machi 1968 iliyowazuia wengi wao kuingia. Wiki saba baadaye, tarehe 20 Aprili 1968, mbunge Enoch Powell alisimama katika hoteli moja ya katikati ya Birmingham na kutoa hotuba dhidi ya wahamiaji ambayo iliendelea kutajwa kwa miongo mingi. Mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, zaidi ya 27,000 walifika Uingereza, na baadhi yao wakafanya makazi katika miji ya Kati ya nchi hiyo, ikiwemo Birmingham.

Chuki hiyo ilikuwa na sura ya mtaani pia. Katika Smethwick, mji unaopakana na Handsworth, uchaguzi wa mwaka 1964 ulishindwa na Peter Griffiths wa chama cha Conservative kwa kampeni iliyochochea hofu ya wahamiaji, na tarehe 12 Februari 1965 Malcolm X alitembea katika barabara ya Marshall ya mji huo kushuhudia ubaguzi wa nyumba, siku tisa kabla ya kuuawa mjini New York. Mwaka 1978 Margaret Thatcher, akiwa bado kiongozi wa upinzani, alisema katika televisheni kwamba wananchi waliogopa kuzamishwa na watu wa utamaduni mwingine, na kauli hiyo ikahamisha hofu iliyokuwa pembezoni mwa siasa kuileta katikati yake.

Upande wa pili, Handsworth ilikuwa ikijijengea kauli yake. Bendi ya rege ya Steel Pulse, iliyoundwa hapo mwaka 1975, ilitoa albamu ya Handsworth Revolution mwaka 1978 na kulifanya jina la mtaa lifahamike mbali, huku mpigapicha Vanley Burke, aliyefika kutoka Jamaika mwaka 1965 akiwa kijana, akihifadhi kwa kamera yake harusi, misiba, michezo ya watoto na mikutano ya Siku ya Ukombozi wa Afrika katika bustani ya Handsworth. Katika Chuo Kikuu cha Birmingham, kituo cha utafiti wa utamaduni wa kisasa kilichoanzishwa mwaka 1964, na ambacho Stuart Hall, msomi mzaliwa wa Jamaika, alikiongoza hadi mwaka 1979, kilichunguza namna magazeti, polisi na mahakama zilivyoshirikiana kumgeuza kijana mweusi kuwa alama ya uhalifu. Kitabu chao cha mwaka 1978, Policing the Crisis, kilitokana na kisa cha uporaji uliotokea Handsworth mwaka 1972 na hukumu nzito zilizofuata. Kwa hiyo mtaa uliowaka moto mwaka 1985 ulikuwa umekwisha kutoa muziki wake, picha zake na hata nadharia ya kueleza kwa nini hausikiki.

Septemba 1985 na wenye maelezo

Jioni ya tarehe 9 Septemba 1985, baada ya mvutano kati ya polisi na dereva mmoja kuhusu kosa la barabarani, ghasia zilizuka katika barabara ya Lozells na maeneo ya jirani. Maduka yalichomwa na kuvunjwa, na ndugu wawili wa asili ya Asia, waliokuwa wakiendesha ofisi ya posta, walikufa ndani ya moto. Waziri wa Mambo ya Ndani, Douglas Hurd, alipofika siku iliyofuata akiwa amezungukwa na wapigapicha, alirushiwa mawe na kulazimika kuondoka, na baadaye akasisitiza kwamba kilichotokea kilikuwa uhalifu wa kupora mali na wala si kilio cha watu wenye shida. Serikali ilikataa kuunda tume ya kisheria ya uchunguzi. Halmashauri ya jiji ilimwagiza Julius Silverman, aliyekuwa mbunge, afanye uchunguzi wake, na halmashauri ya kaunti ya West Midlands ikaunda jopo lake lenyewe, hivyo kufikia mwaka 1986 palikuwa na ripoti zaidi ya moja juu ya moto uleule.

Majuma yaliyofuata yalizidisha jambo. Huko London, polisi walimpiga risasi Cherry Groce nyumbani kwake Brixton tarehe 28 Septemba na kumwacha amepooza, na tarehe 5 Oktoba Cynthia Jarrett alianguka na kufa wakati polisi wakipekua nyumba yake Tottenham. Kesho yake ghasia za makazi ya Broadwater Farm zilizuka, na askari Keith Blakelock akauawa. Filamu ya Akomfrah inavuka kutoka Birmingham hadi London na kuyasoma matukio haya kama sehemu za wimbo mmoja wa huzuni, na mazishi ya Cynthia Jarrett yana nafasi ndani yake.

Utengenezaji wa filamu uliwezekana kwa sababu ya mfumo mahususi unaofaa kuelezwa. Mwaka 1982 chama cha wafanyakazi wa filamu na televisheni kilikubaliana na wafadhili kuhusu utaratibu wa karakana za filamu, yaani vikundi vidogo vya kudumu vilivyopewa fedha za mishahara na vifaa bila kulazimika kuomba upya kwa kila filamu, na stesheni mpya ya Channel 4, iliyoanza matangazo Novemba mwaka huohuo, ikawa mnunuzi na mfadhili wao mkuu. Black Audio Film Collective ilianzishwa mwaka 1982 na wanafunzi waliokutana chuoni Portsmouth, kisha ikahamia Hackney, London, pamoja na vikundi vingine vya wakati huo kama Sankofa na Ceddo. Uhuru huo ulikuwa na mipaka yake: filamu ya Ceddo kuhusu Broadwater Farm, The People's Account, haikurushwa hewani kwa sababu mamlaka ya utangazaji ilitaka ibadilishwe na watayarishaji wakakataa.

Sauti kama hoja

Ndani ya Handsworth Songs kuna tukio fupi linalotosha kuonesha mbinu nzima. Mlinzi mweusi wa makumbusho ya viwanda, akiwa katika sare yake, anasimama kando ya mtambo mkubwa unaozunguka na kuutazama. Hakuna mtu anayemhoji, wala maandishi hayamtaji jina. Mtu aliyezoea makala za televisheni atasubiri sauti ya mtangazaji imweleze kwamba huyu ni mhamiaji fulani mwenye tatizo fulani, lakini sauti hiyo haiji. Kinachosikika ni mvumo wa mashine uliochanganywa na milio iliyotengenezwa na Trevor Mathison, fundi wa sauti wa kikundi, na mvumo huo unadumu hadi mtazamaji anaanza kujiuliza mwenyewe uhusiano wa mtu yule na chuma kile. Aliyeifahamu historia ya Soho atapata jibu lake, na asiyeifahamu angalau ameachwa na swali sahihi.

Mathison aliazima kutoka dabu, tawi la rege ambamo fundi huondoa sehemu ya maneno na ala, akabakiza besi na ngoma, kisha akairefusha sauti iliyosalia kwa mwangwi, hivyo msikilizaji akahisi kwamba kuna kitu kimetolewa. Katika muziki wa Jamaika mbinu hiyo ni ya studio na ya kucheza, lakini katika filamu hii inakuwa njia ya kuzungumza juu ya historia iliyofutwa. Picha za mhamiaji anayeshuka melini, ambazo katika taarifa za zamani ziliambatana na sauti ya mtangazaji mchangamfu aliyewahakikishia Waingereza kwamba wageni ni wachapakazi na watiifu, zinarudi zikiwa na mwangwi mzito chini yake, na tabasamu la abiria halisomeki tena kama shukrani tu.

Mbinu hiyo inafika kilele katika matumizi ya Jerusalem, wimbo wenye maneno ya William Blake na muziki wa Hubert Parry wa mwaka 1916, ambao Waingereza huuimba shuleni, makanisani na viwanjani kana kwamba ni wimbo wa pili wa taifa. Filamu inatumia toleo la Mark Stewart na bendi yake ya Maffia, lililopitishwa kwenye dabu hadi nyuzi zake zikalegea. Wimbo haukudhihakiwa, kwa kuwa ndoto ya kujenga nchi ya haki iliyomo ndani yake ni ndoto ambayo wakazi wa Handsworth nao walikuwa nayo walipofunga safari. Kilichofanywa ni kuuliza kwa nini nchi inayoimba hivyo iliwajibu wageni wake kwa virungu na ngao.

Pale polisi wanapoonekana, filamu haikwepi. Kijana mwenye nywele za rasta anakimbia barabarani, anawapenya askari wawili watatu, anayumba, kisha kundi zima lenye ngao linamwangukia na kumbana chini. Televisheni ilizitumia picha za aina hiyo kuthibitisha fujo. Hapa zinasimama jirani na picha za familia, harusi na watoto waliovalia nguo za sikukuu, zilizotundikwa katika chumba cha giza huku kamera ikipita polepole kati yake, na ujirani huo unabadili maana ya zote mbili: kijana anapata mama na baba, harusi inapata hatima iliyoisubiri. Sauti za wasimulizi wa kike na wa kiume hazitoi takwimu wala hukumu. Zinasema kwa lugha ya kishairi, zikisisitiza kwamba nyuma ya ghasia zimo simulizi nyingine nyingi zilizokufa kabla ya kusikilizwa.

Rushdie, Hall na swali la sauti ya nani

Filamu hiyo ilipata tuzo ya John Grierson ya mwaka 1987, lakini mapokezi yake hayakuwa ya sifa tupu. Januari mwaka huo Salman Rushdie aliandika katika gazeti la The Guardian kwamba filamu imeshindwa kazi yake: ilikwenda katika mtaa wenye maelfu ya visa hai, ikarudi na msamiati uleule wa ghasia na ubaguzi, na wenyeji wakabaki hawajasikika kwa lugha yao. Siku chache baadaye Stuart Hall alimjibu katika gazeti hilohilo, akitetea juhudi ya filamu ya kutafuta lugha mpya na kuhoji ni kwa kipimo gani Rushdie alikuwa akiamua kwamba wimbo mmoja ni halisi kuliko mwingine. Darcus Howe, mwandishi na mwanaharakati mwenye sauti kubwa, naye akaingia katika mjadala.

Hoja ya Rushdie haifai kupuuzwa. Watayarishaji walitoka London, na filamu yenye ugumu wa kishairi huweza kumwacha nje mtu yuleyule inayemwombolezea. Fundi wa kiwandani aliyepoteza kazi katika miaka ya Thatcher alikuwa na haki ya kutaka kusikia kisa chake kikisimuliwa moja kwa moja. Lakini dai kwamba inatosha kumpa mtu kipaza sauti linasahau kwamba kipaza sauti kina mwenyewe. Wakazi wa Handsworth walihojiwa kwa wingi mwaka 1985, na majibu yao yakakatwa, yakapangwa na kufungwa kwa maelezo ya mhariri kiasi kwamba kusema kwao kulithibitisha kile kilichokwisha kuamuliwa. Ndiyo maana filamu inawageuzia kamera wanahabari wenyewe, ikawaonesha wakimzunguka waziri na kusongamana, ili mtazamaji aone jinsi habari inavyotengenezwa.

Hall aliuendeleza mjadala huo katika insha yake ya mwaka 1988, New Ethnicities, ambamo alitofautisha hatua mbili. Katika hatua ya kwanza, watu weusi walipigania kuingia katika vyombo vya habari na kupinga picha mbaya kwa kuweka picha nzuri mahali pake. Katika hatua ya pili, walitambua kwamba hakuna mtu mweusi mmoja wa kuwakilishwa, bali kuna wanawake na wanaume, matajiri na maskini, Waasia na Wakaribea, na kwamba kazi kuwa ya mtu mweusi hakuifanyi iwe nzuri wala sahihi. Kwa mtazamo huu, ukali wa Rushdie ulikuwa ishara ya ukomavu: filamu ya watu weusi ilikuwa imefikia mahali pa kujadiliwa kama kazi ya sanaa, badala ya kupigiwa makofi kwa kuwapo tu.

Kutoka Birmingham hadi Unguja

Jina la tuzo iliyopewa filamu hii linafungua mlango wa ulinganisho wa karibu na Afrika ya Mashariki. John Grierson, mwasisi wa filamu ya hali halisi ya Kiingereza, alianza kazi hiyo katika bodi ya kutangaza biashara ya himaya, na miongoni mwa filamu alizosimamia ni Song of Ceylon ya mwaka 1934, iliyogharamiwa na wauzaji wa chai. Wakati huohuo, kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa majaribio ya sinema kwa Waafrika uliendeshwa kutoka Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Picha zilipigwa bila sauti, kisha maelezo yakarekodiwa katika sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo, ili zichezwe pamoja na filamu. Utaratibu huo ulikuwa wa kiufundi na wa gharama nafuu, lakini unaonesha bayana kanuni ya utawala: mkulima wa Kiafrika alitoa mwili na kazi yake mbele ya kamera, na maana ya kazi hiyo ikaletwa baadaye katika sahani.

Mfano mchungu zaidi ni Africa Addio, filamu ya Kiitalia ya mwaka 1966 iliyoongozwa na Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi. Ndani yake zimo picha zilizopigwa kutoka angani za mauaji yaliyofuata Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, zikiwa miongoni mwa picha chache zinazojongea za maafa hayo. Muziki wa kusisimua wa Riz Ortolani na sauti ya msimulizi vilizifunga ndani ya hoja kwamba Ulaya iliondoka Afrika mapema mno na kwamba Mwafrika asiye na msimamizi hurudia umwagaji wa damu. Waliokufa walioneshwa, lakini hawakuwakilishwa. Hawakupewa majina, familia, wala historia ya ukoloni na ubaguzi wa visiwani iliyotangulia siku zile. Filamu hiyo na Handsworth Songs zote zinatazama ghasia na vifo, zote zinategemea sana muziki, lakini ya kwanza inautumia muziki kumaliza mjadala na ya pili inautumia kuufungua.

Tofauti hiyo haikupotea kwa kupita miaka. Handsworth Songs ilioneshwa katika maonesho ya Documenta ya mwaka 2002 huko Kassel, Ujerumani, na mwezi Agosti 2011, baada ya polisi kumuua Mark Duggan huko Tottenham na ghasia kusambaa hadi Birmingham, ambako vijana watatu waligongwa na gari na kufa katika eneo la Winson Green, jumba la Tate Modern mjini London liliionesha tena kwa sababu viongozi walikuwa wakitamka karibu maneno yaleyale ya mwaka 1985. Akomfrah mwenyewe, ambaye alizaliwa Accra mwaka 1957, aliiwakilisha Uingereza katika maonesho ya Venice ya mwaka 2024, akiwa bado anajenga kazi zake kwa picha za kumbukumbu na kwa utaratibu wa kusikiliza.

Kwa watengenezaji wa filamu wa Afrika ya Mashariki, somo la Birmingham ni la kazi. Sehemu kubwa ya picha za zamani za eneo hili, za kambi za wafungwa wa Mau Mau, za bandari, za sherehe za uhuru, zilipigwa na kuhifadhiwa na wageni, na nyingi bado zina maelezo ya wageni hao. Kuzidai zirudi ni haki, na kupiga picha mpya ni wajibu, lakini hata kabla ya hayo mawili kukamilika, inawezekana kuketi mbele ya picha zilizopo, kuinyamazisha sauti ya mtangazaji, na kuuliza waliomo ndani yake wangetaka zisikike vipi. Black Audio Film Collective ilikuwa na vijana wachache, fedha za karakana na mashine za kurekodi sauti, na kwa hivyo vichache ilithibitisha kwamba kumbukumbu iliyotengenezwa ili kumtawala mtu inaweza kuanza kumtetea.